Kuomba Mungu na Kuomba Chakula: Sala ya Mama Mmishenari katika Njaa ya Ngomanisye

Utangulizi

Miongoni mwa maandishi yaliyoachwa na Wazungu waliofika bara la Afrika ya Mashariki kabla ya Kenya kutangazwa kuwa koloni mwaka 1920, yale ya wake wa wamishenari ndiyo yaliyohakikiwa kwa uchache zaidi. Wanahistoria huyafungua wakitafuta tarehe na habari za mavuno; wachaji huyafungua wakitafuta mifano ya imani; wahakiki wa fasihi aghalabu hawayafungui kabisa, kwa kuwa yamekwisha kupangwa katika rafu ya maandishi ya kikoloni, na hukumu yake huonekana kuwa imekwisha tolewa. Makala haya yanakusudia kuchunguza mojawapo ya maandishi hayo, yaani kitabu cha Rachel Stuart Watt kiitwacho In the Heart of Savagedom, kilichotoka London mapema katika miaka ya 1910. Kinachochunguzwa hasa ni namna sala ya mama inavyofanya kazi katika kusimulia njaa kuu iliyoikumba Ukambani baina ya 1897 na 1900.

Hoja itakayotetewa ni kwamba sala katika masimulizi ya aina hii si pambo la mcha Mungu, bali ni nguzo ya fani yenyewe. Kwamba nguzo hiyo humwezesha msimulizi kuona mambo fulani na humzuia asione mengine. Na kwamba Kiswahili na Kikamba, kwa kitenzi kimoja tu cha kuomba, ni lugha zenye uwezo wa kukisoma kitabu hiki kwa namna ambayo Kiingereza chake hakiwezi.

Njaa na majina yake

Kwanza yafaa mambo yenyewe yaelezwe kwa ufupi. Katika miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imekwisha kuteketeza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, na nzige walikuwa wamekula mazao. Mvua zilipokosekana tangu mwishoni mwa 1897, watu wa Ukambani, hasa wale wa nchi kavu za mashariki, hawakuwa na akiba ya nafaka wala ya mifugo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa ikisonga mbele wakati huo huo, ikifika Nairobi mwaka 1899, na maelfu ya wafanya kazi wake walihitaji chakula. Ndui ikaja juu ya njaa. Watu walihama kwenda kwa Wakikuyu. Wengine wakawaweka wake na watoto wao rehani kwa watu waliokuwa na chakula. Na wengi wakafa njiani. Wanahistoria J. Forbes Munro, katika kitabu chake cha 1975, na Charles Ambler, katika kile cha 1988, wameonyesha jinsi msiba huo ulivyovuruga mafungamano ya jamii za Kenya ya kati wakati ule ule ambapo utawala wa Kiingereza ulikuwa ukijiimarisha.

Lakini kabla ya wanahistoria, na kabla ya mama Watt, msiba huo ulikuwa umekwisha kupewa majina, na kila jina ni uhakiki. Wakamba huuita Ngomanisye, jina ambalo hufasiriwa kwa maana ya njaa iliyoenea pote na kuwakuta wote. Wakikuyu huuita Ng'aragu ya Ruraya, yaani njaa ya Ulaya. Katika jina hili la pili neno la pwani limesafiri hadi milimani na kutumiwa kutaja chanzo: njaa ililetwa na wageni, au angalau ilifuatana nao. Katika jina la kwanza hakuna mshtakiwa wala mtetezi; kuna ueneaji tu. Ngomanisye haina mtu wa nje. Mwenye kulitamka jina hilo hujitia ndani ya msiba, kwa kuwa haiwezekani njaa iwakute wote kisha asalie mmoja wa kuitazama kwa mbali.

Majina haya mawili yanafaa kukumbukwa wakati wa kusoma kitabu cha mama Watt, kwa sababu kitabu hicho kina jina la tatu, lililochapwa juu ya jalada. Mwenye kutaka kulifasiri kwa Kiswahili atasema Katika Moyo wa Ushenzi, na hapo hapo atakumbana na tatizo. Neno ushenzi halikubuniwa na wamishenari. Ni neno ambalo watu wa pwani walilitumia kwa muda mrefu kuwadharau watu wa bara. Mfasiri Mswahili hawezi basi kujidai kuwa dharau iliyomo katika jina hilo ni ya Mzungu peke yake. Lugha yake inayo tayari, na inamngoja.

Mama na ua wake

Rachel Watt hakuwa mwanamke wa kubezwa. Mwaka 1893 yeye na mumewe walitoka Mombasa kwa miguu pamoja na watoto wao wadogo, wakapita nyika ambayo reli ilikuwa haijaigusa, wakaishi Ngelani, karibu na Machakos. Walikuwa wamishenari wa kujitegemea, wasiokuwa na chama kikubwa nyuma yao cha kuwatumia fedha au kuwaokoa. Miaka mitatu baadaye Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa misheni ya Africa Inland, alifariki papo hapo Ukambani baada ya kukaa mwaka mmoja tu. Mama aliyelea watoto mahali hapo na wakati huo alikuwa na sababu ya kweli ya kuomba. Mhakiki anayeyasoma maombi yake kama maneno matupu ya kujipamba hamtendei haki, wala haitendei haki fasihi. Kwani hofu ya mama juu ya mtoto wake ni hofu, hata ikiwa mama huyo anaishi katika nchi isiyokuwa yake na anaamini mambo yasiyokuwa ya haki juu ya wenyeji wake.

Hata hivyo ni lazima kuuliza hofu hiyo imejengwa namna gani katika masimulizi. Katika kumbukumbu za wake wa wamishenari kwa jumla, mahali pana ndani na nje. Ndani kuna nyumba, meza, kitanda cha mtoto mgonjwa, na kitabu cha Zaburi. Nje kuna pori, ngoma za usiku, maradhi na njaa. Sala ndiyo mlango wa ua huo. Mama hutazama nje, huona msiba, hurudi ndani, hupiga magoti, na msomaji wa London hupiga magoti pamoja naye. Msiba u karibu sana, lakini daima uko upande wa pili. Kwa hiyo njaa ambayo kwa Wakamba haikuwa na mtu wa nje, katika masimulizi haya inampata mtu wa nje aliye karibu kupita wote.

Kuna methali isemayo kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yapasa itumiwe hapa kwa uangalifu. Methali haisemi kuwa mwenye shibe hamwoni mwenye njaa. Mama Watt aliwaona. Zaidi ya kuwaona, alitoka nje ya ua: aliwachukua watoto waliopoteza wazazi, akawaweka na kuwalisha. Kitendo hicho ni kikubwa kuliko fani iliyokisimulia, na hapo ndipo ilipo nguvu ya sehemu hiyo ya kitabu. Fani inataka mama abaki ndani akiomba, njaa inamtoa. Lakini methali inasema hamjui, na kujua ni jambo jingine. Kumjua mwenye njaa kungetaka jina lake, ukoo wake, maneno yake, na habari za mama yake aliyemwacha njiani au aliyemweka rehani kwa kibaba cha nafaka. Maneno ya mama huyo wa pili, yaliyosemwa kwa lugha yake mwenyewe, ndiyo ambayo fani ya kumbukumbu za kimishenari haikuwa na mahali pa kuyaweka.

Wakati wa sala na wakati wa masimulizi

Jambo la pili la fani linahusu wakati. Kitabu kinajitambulisha kuwa kumbukumbu za robo ya karne, na kilitoka zaidi ya miaka kumi baada ya njaa. Maana yake ni kwamba kila sala iliyomo humo inasimuliwa na mtu anayejua mwisho wake. Kiswahili hulionyesha jambo hili waziwazi katika sarufi. Mtu anayeomba katikati ya ukame hutumia kitenzi chenye kiishio cha -e: mvua inyeshe, mtoto apone, chakula kifike. Mtu anayesimulia baadaye hutumia -li-: mvua ilinyesha, mtoto alipona, chakula kilifika. Baina ya inyeshe na ilinyesha kuna miezi ya kutojua, na ndani ya miezi hiyo ndimo imani, kama ipo, inamokaa. Ushuhuda ni kuigeuza -e kuwa -li-. Ni ugeuzaji halali, na kila dini huufanya. Lakini gharama yake ni kuificha ile hali ya kutojua, ambayo ndiyo iliyoifanya sala kuwa sala.

Tena ushuhuda huchagua. Sala iliyojibiwa husimuliwa. Ile isiyojibiwa, ama huachwa, ama huelezwa kuwa ilijibiwa kwa njia nyingine. Mwaka 1899 watoto wengi Ukambani waliombewa, kwa lugha zaidi ya moja na kwa majina zaidi ya moja ya Mungu, wakafa. Masimulizi yanayofuata mpango wa ombi na jibu hayana namna ya kuwahesabu watoto hao katika upande wa sala. Huwahesabu katika upande wa msiba tu. Mhakiki hana haja ya kumlaumu mama Watt kwa jambo hili, kwa kuwa mpango huo aliurithi. Ana haja tu ya kuuonyesha, ili msomaji asidhani kuwa wale waliokufa walikuwa watu wasioombewa.

Kitenzi kimoja

Hapa ndipo lugha zetu zinapoweza kutoa mchango wa pekee. Katika Kiingereza cha wakati wa mama Watt, mtu anayesema na Mungu na mtu anayenyoosha mkono mlangoni hutajwa kwa vitenzi viwili mbalimbali, na baina ya vitenzi hivyo kuna umbali wa heshima. Wa kwanza ni mcha Mungu; wa pili ni fukara. Ni kweli kwamba Biblia ya Kiingereza nayo inalo neno la kuuliza na kutaka linaloweza kutumika pande zote mbili. Lakini katika masimulizi ya kila siku maneno hayo yalikwisha achana zamani.

Katika Kiswahili hayakuachana. Mama anaomba Mungu. Mwenye njaa anaomba chakula. Mwombaji ni yule na huyu. Kikamba nacho kina kũvoya na Kigikuyu kina kũhoya, na vyote viwili hubeba maana ya kusali na ya kuomba kitu kwa mtu. Kwa wasemaji wa lugha hizi, mama aliyepiga magoti ndani ya nyumba ya Ngelani na mama aliyesimama nje akitaka unga walikuwa wakifanya kitendo kimoja, katika saa moja, mbele ya mlango mmoja. Wote wawili walikuwa wakikiri kwamba uhai wa watoto wao u mikononi mwa mwingine. Tofauti iliyokuwapo ni kwamba mwombaji mmoja alikuwa pia mwombwaji. Aliyekuwa akimwomba Mungu ndani, alikuwa akiombwa na binadamu nje, na katika tofauti hiyo moja umo uhusiano wote wa misheni na wenyeji wakati wa njaa.

Mnyambuliko wa kitenzi unazidi kufafanua. Mama mmishenari aliwaombea wenye njaa. Kiambishi cha kutendea kinaonyesha kuwa sala ilielekea kwao. Wenye njaa wakawa watu wa kuombewa. Umbo ambalo halijitokezi katika fani ya ushuhuda ni lile la kutendeana: kuombeana. Kuombeana kungetaka kwamba mama wa Kikamba naye awe na sala, sala yake imfikie Mungu, na mama Watt awe mmoja wa wale wanaoihitaji. Kumbukumbu za wamishenari haziwezi kulikubali umbo hili bila ya kubomoka, kwa sababu msingi wa misheni ulikuwa kwamba upande mmoja unajua kuomba na upande wa pili haujui.

Kutokana na hayo mfasiri anakabiliwa na uchaguzi usiokuwa mdogo. Kiswahili kina kusali pia, na kina dua. Akiandika kwamba mama alisali na maskini waliomba, atakuwa ameujenga tena ua wa Kiingereza kwa matofali ya Kiswahili. Akiandika kwamba wote waliomba, atakuwa ameubomoa ua ambao mwandishi mwenyewe aliuona kuwa wa lazima. Tafsiri zote mbili ni sahihi kwa kamusi. Ni moja tu inayosema kweli juu ya mwaka 1899, na makala haya yanashikilia kuwa ni ile ya pili; lakini mfasiri anayeichagua yapasa ajue kwamba amekwisha kuhakiki kabla ya kufasiri.

Sala ya kina mama wa Ukambani

Dai la kwamba Wakamba hawakujua kuomba halikuwa na ukweli wowote. Kulikuwa na ithembo, mahali patakatifu penye miti mikubwa, ambapo wazee, wake kwa waume, walitoa sadaka na kuomba mvua. Kulikuwa na kilumi, ngoma ambayo wenyewe hasa ni wanawake wa makamo na wazee, inayochezwa kwa ajili ya mvua na kwa ajili ya aimu, yaani roho za waliotangulia. C. W. Hobley aliandika juu ya ibada za Wakamba mwaka 1910, karibu wakati ule ule ambapo kitabu cha mama Watt kilikuwa kikitoka. John Mbiti, aliyekuwa mwana wa Ukambani, alikusanya sala za watu wengi wa Afrika katika kitabu chake cha 1975, na kuonyesha kuwa kuomba ni tanzu kamili ya fasihi simulizi, yenye miundo yake na lugha yake teule.

Kwa hiyo ngoma za usiku ambazo mama wa ndani ya ua angeweza kuzisikia kama sauti ya giza, huenda zilikuwa mama wengine wakiomba kile kile alichokuwa akikiomba yeye. Tofauti za fani ni kubwa na zastahili kutajwa. Sala ya mama Watt ni ya nafsi ya kwanza umoja, ni ya chumbani, na mwisho wake ni kitabu. Sala ya kilumi ni ya wingi, ni ya uwanjani, hutumia mwili na ngoma pamoja na maneno, na haina ushuhuda unaofuata; mvua isiponyesha, jamii nzima inajua kuwa haikunyesha. Sala ya aina hii haiwezi kuigeuza -e kuwa -li- kwa siri.

Wala wamishenari hawakukaa nje ya mashindano ya mvua. Katika ukame wa miaka ya 1880 huko Sagalla, Taita, mmishenari J. A. Wray alishutumiwa na wenyeji kuwa yeye ndiye aliyeizuia mvua. Shutuma hiyo ilionekana na Wazungu kuwa ni ujinga. Kifasihi ina maana nyingine: wenyeji waliichukulia sala ya mgeni kuwa ni tendo la kweli, lenye nguvu ya kuleta na ya kuzuia, na kwa hiyo lenye kuulizwa. Walimheshimu kwa kumshitaki.

Hata hivyo yafaa mhakiki asikimbilie kuusifu upande huu wa pili bila ya kuutazama. Fasihi simulizi nayo ina kimya chake. Walioweka watoto rehani hawakutunga nyimbo za kujisifu kwa jambo hilo. Wasichana waliochukuliwa milimani wakaolewa huko, watoto wao wakakua wakisema Kigikuyu, na habari za njia waliyopita zikafifia katika lugha mbili. Jina Ngomanisye, kwa kusema kuwa njaa iliwakuta wote, linaficha kwamba haikuwakuta sawasawa: wenye mifugo iliyosalia na wenye jamaa mbali walipona zaidi kuliko wajane. Kila fani ina kivuli chake, na kivuli cha jina la wote ni yule mmoja aliyeachwa.

Hitimisho

Yaliyotangulia yanaonyesha udhaifu wa njia mbili zilizozoeleka za kukisoma kitabu kama hiki. Njia ya kwanza, ya wachaji, huipokea sala ya mama jinsi ilivyo na kumsahau mama wa nje. Njia ya pili, ya wapinzani wa ukoloni, huitupa sala pamoja na kitabu, na kwa kufanya hivyo humsahau mama wa nje vile vile, kwa kuwa ushahidi mdogo wa kuwapo kwake mlangoni umo humo humo katika kitabu kinachotupwa. Njia inayopendekezwa hapa ni kuisoma sala kama fani: kuuliza nani anaomba, nani anaombwa, nani anaombewa, na ni lini -e iligeuka kuwa -li-.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na wanahistoria peke yao, kwa kuwa ni kazi ya lugha. Walioiona Ngomanisye kwa macho yao wamekwisha kufariki wote, na hata wajukuu wao waliosimuliwa mambo hayo wakiwa watoto ni wachache. Sala za kilumi na za ithembo zingali zinakumbukwa na baadhi ya wanawake wazee wa Machakos, Makueni na Kitui, na wanafunzi wa idara za lugha ndio wenye vyombo vya kuzirekodi na ujuzi wa kuziandika kwa Kikamba kamili. Sehemu ya njaa katika kitabu cha mama Watt ingefaa ifasiriwe kwa Kikamba na kwa Kiswahili, ichapwe ukurasa kwa ukurasa pamoja na sala hizo, na wasomaji waachiwe waone penyewe mahali ambapo mama wawili wanatumia kitenzi kimoja. Chapa ya namna hiyo haitamgeuza Rachel Watt kuwa mtakatifu wala kuwa adui. Itamweka mahali alipokuwa hasa mwaka 1899, yaani mlangoni, akiomba na akiombwa. Na mbele yake itamweka mwanamke ambaye kitabu chake hakikupata nafasi ya kumsikiliza.